Bonde Linalopitwa: Ardhi, Watu na Njia za Turkana



Nimeombwa nizungumzie bonde la Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya: lilivyo, wanaoishi humo, na jinsi watu na mizigo wanavyosafiri. Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili pasiwepo wa kuihangaikia hadi mwisho. Kwa zaidi ya miaka mia moja, wenye mamlaka na wenye mitaji wamelipima bonde hili kwa kile kinachopita ndani yake: pembe za ndovu, askari, magunia ya misaada, mapipa ya mafuta, nyaya za umeme. Mahitaji ya wenyeji wake yalipimwa mara chache, na mara nyingi baadaye. Kipimo hicho ndicho kilichoamua barabara ipi ijengwe, ifike wapi, na iachwe ife lini.

Ardhi na maji yake

Tuanze na ukubwa. Kaunti ya Turkana ina takriban kilomita za mraba 70,000. Ukichukua Rwanda na Burundi ukaziweka humo pamoja, nafasi itabaki. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 926,976. Magharibi inapakana na Uganda, kaskazini na Sudan Kusini na Ethiopia, na mashariki ukingo wake ni Ziwa Turkana, ambalo ng'ambo yake ni Marsabit. Kusini kuna Pokot Magharibi, Baringo na Samburu.

Msafiri atokaye Kitale huanzia kwenye baridi ya nyanda za juu, penye mahindi na ng'ombe wa maziwa, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Akipita Kapenguria na kuteremka kwenye mlango wa milima pale Marich, hewa inabadilika ndani ya saa moja au mbili. Chini kabisa, uso wa Ziwa Turkana uko karibu mita 360 tu juu ya usawa wa bahari. Hili ni tawi la Bonde la Ufa, ambamo ardhi imekuwa ikididimia kwa mamilioni ya miaka huku volkano zikitapika kandokando yake. Kusini mwa ziwa, bonde la Suguta ni mojawapo ya sehemu zenye joto kali zaidi nchini Kenya, na safu ya volkano ndiyo inayolitenga na ziwa.

Ukame wa bonde hili una sababu zake. Upande mmoja kuna nyanda za juu za Ethiopia, upande mwingine nyanda za juu za Kenya, na katikati kumebaki uchochoro mpana. Upepo wa kusini-mashariki huingia kwenye uchochoro huo ukapata kasi na kupita bila kudondosha mvua ya maana. Mjini Lodwar mwaka wa kawaida hauzidi sana milimita 200 za mvua, na hiyo nayo haina ahadi: inaweza kunyesha yote ndani ya siku chache, au isinyeshe kabisa. Upepo huo huo ndio unaozungusha mitambo ya umeme upande wa mashariki wa ziwa. Tutaurudia.

Maji yanatoka kwingine. Mto Omo unashuka kutoka Ethiopia, nao peke yake unalipa ziwa zaidi ya asilimia 80 ya maji yake. Turkwel unaanzia Mlima Elgon na kupita Lodwar. Kerio unatoka kusini. Ziwa lenyewe lina urefu wa karibu kilomita 250 na halina mto unaotoka. Kila kinachoingia huondoka kwa kupaa hewani, chumvi na magadi vikabaki. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyoko jangwani. Haikuwa hivyo siku zote: hadi miaka elfu tano hivi iliyopita, mvua ilipokuwa nyingi, ziwa lilijaa makumi ya mita juu ya kiwango cha leo na kufurika kaskazini-magharibi hadi kwenye mfumo wa Mto Nile. Ndiyo maana wavuvi wa Kalokol huvua sangara, na mamba wa visiwani ni jamii moja na wale wa Misri.

Lakini maji yanayotawala maisha ya kila siku ya Mturkana ni ya laga, yaani mto wa msimu. Kwa sehemu kubwa ya mwaka laga ni kanda pana ya mchanga mweupe, kingo zake zimeota migunga na mikoma. Ukiitazama ukiwa mgeni utaiita mto mfu. Chini ya mchanga, hata hivyo, maji yapo. Wanawake huchimba kisima kwa mikono na kwa sufuria. Mwanzoni mwa kiangazi maji hupatikana kwenye kina cha kiwiko. Miezi ikisonga shimo linazidi kwenda chini, hadi aliye ndani haonekani tena na wenzake hupokezana maji kwa vyombo, mmoja akisimama juu ya mwingine kwenye vidato vilivyochongwa ukutani mwa shimo. Jioni mdomo wa kisima hufunikwa kwa matawi ya miiba ili mifugo isitumbukie. Kisima hicho kina wenyewe: mgeni haanzi tu kunywesha mbuzi wake, huomba.

Laga hiyo hiyo ni barabara. Mchanga wake ni tambarare, miti yake ina kivuli, na ukiifuata hupotei. Mifugo huswagwa ndani yake, punda hupita humo, na magari pia mahali pasipo na njia nyingine. Kisha siku moja mvua inanyesha milimani, mbali sana, bondeni jua likiwaka. Maji hufika bila wingu juu ya kichwa cha mtu, kwanza kama povu lenye vijiti na kinyesi cha mbuzi, halafu kama ukuta wa tope. Baada ya saa kadhaa, au siku moja, hupungua. Naomba mlikumbuke jambo hili tutakapofika kwenye barabara za lami: katika bonde la Turkana mto na njia hulala kitanda kimoja, na mhandisi asiyelijua hilo atajenga kitu kisichomaliza misimu mingi.

Wanaoishi humo

Wageni wengi huja Turkana kutafuta mifupa. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho lisilo na mfano katika kazi hiyo, aligundua kule Nariokotome mabaki ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kule Lomekwi, si mbali na hapo, yalipatikana mawe yaliyochongwa na kutumiwa kama zana miaka milioni 3.3 iliyopita. Ni fahari yetu sote. Lakini sifa ya kuwa chimbuko la binadamu imekuwa na madhara yake: imewazoesha watu kuizungumzia Turkana kana kwamba habari zake zote ni za kale.

Kwa mada yetu, kuna mahali pengine penye fundisho kubwa zaidi. Lothagam, karibu na ukingo wa magharibi wa ziwa, kuna makaburi ya wafugaji wa miaka elfu tano iliyopita. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walikadiria kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa pale, wakubwa kwa watoto, wengi wao wakiwa na mapambo, bila dalili za tabaka la mabwana na tabaka la watwana. Juu yao zilisimamishwa nguzo za mawe. Makaburi hayo yalijengwa wakati ziwa lilipokuwa likikauka na ufugaji ukiingia bondeni. Watu waliokuwa wakihamahama walihitaji mahali pa kukutania, wakapajenga kwa ushirikiano. Kuhama na kuwa na jamii iliyopangika havijawahi kugombana hapa.

Mturkana wa leo anafuga aina tano za wanyama, na kila mmoja ana kazi yake. Ngamia hula majani ya juu na hukaa siku nyingi bila maji, hivyo hutoa maziwa wakati ng'ombe amekwisha kukauka. Ng'ombe ana heshima na mahari, lakini anataka nyasi, na nyasi ziko milimani na mipakani. Mbuzi na kondoo ndio fedha za mkononi: ada ya shule, unga, dawa. Punda hubeba nyumba. Familia moja inaweza kugawanyika sehemu tatu kwa wakati mmoja, vijana na ng'ombe wakiwa mpakani mwa Uganda, ngamia wakiwa kwingine, na wazee na watoto wakibaki karibu na kisima, shule na zahanati. Mhasibu angeuita mpango huo kutawanya hasara. Wafugaji waliubuni kabla ya benki kufika.

Nyumba yenyewe, akai, ni kazi ya wanawake. Hujengwa kwa fito na makuti ya mkoma, na kitu chochote kinachofaa kubebwa hufungwa juu ya punda siku ya kuhama. Tandiko huwekwa kwa uangalifu ili lisimchubue mnyama. Watoto wadogo, vibuyu na wana-mbuzi hukaa juu ya mzigo. Njia haichaguliwi kwa kubahatisha. Vijana hutumwa mbele kuangalia malisho, maji, magonjwa ya mifugo, na majirani wako katika hali gani, kwani pande zote kuna jirani: Wapokot kusini, Wasamburu ng'ambo ya Suguta, Wakaramojong na Wajie magharibi, Watoposa na Wanyangatom kaskazini, Wadasanach kwenye mlango wa Omo. Kwa majirani hao kuna ndoa, biashara na mikataba ya malisho. Kuna pia wizi wa mifugo, ambao zamani ulikuwa wa mikuki na sasa ni wa bunduki za kivita. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, askari polisi zaidi ya 40 waliuawa walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Septemba 2019, kwa upande mwingine, Rais wa Kenya na Rais wa Uganda walitia saini kule Moroto makubaliano ya amani na maendeleo ya mpakani, ambayo yanatambua kwamba Waturkana, Wapokot na Wakaramojong hawana budi kuvuka mpaka na mifugo yao.

Ziwani kuna maisha ya namna nyingine. Kalokol na Longech ni miji ya samaki. Ngege na sangara hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani, kisha hufungwa marobota na kupakiwa kwenye malori kuelekea Kitale, Kisumu na Busia. Sehemu yake huvuka hadi Kongo. Upande wa pili, karibu na Loiyangalani, wanaishi Waelmolo, mojawapo ya jamii ndogo kabisa za Kenya, waliowategemea samaki wa ziwa vizazi na vizazi. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda likafunika makaazi na makaburi yao, wakati ule ule wanasayansi wakihofia kinyume chake: kwamba bwawa la Gibe III juu ya Mto Omo, lililozinduliwa mwaka 2016, pamoja na mashamba makubwa ya umwagiliaji, litalipunguza. Mwaka 2018 hifadhi za Ziwa Turkana ziliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ziwa likipanda, wakaao ukingoni hufurikwa. Likishuka, samaki hupotea. Uamuzi kuhusu mto unaolilisha hufanywa ng'ambo ya mpaka.

Na kuna Kakuma. Kambi hiyo ilianza mwaka 1992 kwa kupokea vijana waliotembea kwa miguu kutoka vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Kwa idadi ni mji mkubwa kuliko Lodwar, makao makuu ya kaunti. Sokoni mwake Mkongo huuza kitenge kwa Mturkana, Msomali akamkopesha sukari Mrundi, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha kwenye bei. Wenyeji huuza mbuzi, kuni na makaa, mengi yakiwa ya mathenge, mti wa kigeni uliopandwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na ambao sasa umeziba kingo za mito. Turkana, basi, ina wafugaji, wavuvi, wakulima wa umwagiliaji kule Katilu, wafanyabiashara, watumishi wa serikali na wakimbizi. Mpango wowote wa usafiri unaowaona hawa kuwa watu wa aina moja umeshakosea.

Njia na walioziweka

Wazungu wa kwanza kufika ziwani, mwaka 1888, walikuwa Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel. Vitabu vingi huishia hapo. Safari yao ilianzia Pangani, kwenye pwani ya Waswahili. Mizigo yao ilibebwa na mamia ya wapagazi. Na kiongozi wao alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe aliyeijua bara. Wapagazi wengi walikufa kwa kiu, njaa na maradhi. Teleki alilipa ziwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, na jina hilo likakaa ramanini hadi mwaka 1975. Kwa msafara ule bonde lilikuwa mahali pa kufika, kupiga ndovu na kuondoka.

Waingereza walikuja na bunduki. Waturkana walipinga, na kampeni kubwa ya mwaka 1918 iliwavunja nguvu na kuwapokonya mifugo mingi mno. Baada ya hapo wilaya ilifungwa: huingii wala hutoki bila kibali. Kilichohitajika ni njia ya gari la jeshi kufika Lodwar na Lokitaung. Serikali iliiona Turkana kuwa mbali kiasi cha kufaa kufichia watu. Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria walipelekwa Lokitaung mwaka 1953, na Kenyatta akahamishiwa Lodwar mwaka 1959.

Uhuru ulikuja na bendera mpya, lakini hesabu ilibaki ile ile. Waraka Rasmi Nambari 10 wa mwaka 1965, uliokuwa dira ya mipango ya Kenya, ulielekeza fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozalisha zaidi: kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na reli. Mafanikio ya huko yangefika kwingine baadaye. Sera hiyo iliandikwa kwa lugha ya uchumi, lakini kwa Turkana tafsiri yake ilikuwa kukosa barabara. Na asiye na barabara hazalishi kwa soko, na asiyezalisha kwa soko hapati barabara. Mduara huo ulizunguka miongo.

Waliouvunja walikuwa wageni. Katika miaka ya 1980 Norway iligharimia barabara ya lami kutoka Kitale hadi Lodwar, na kabla ya hapo kiwanda cha kugandisha samaki pale Kalokol. Kiwanda kilifanya kazi kwa siku chache tu. Kugandisha samaki kwenye joto lile kulihitaji umeme na maji safi mengi kuliko yaliyokuwapo, na gharama ilishinda bei ya minofu. Isitoshe, Ghuba ya Ferguson, palipovuliwa samaki wengi, ilikauka miaka ile. Wavuvi walirudi kwenye jua na chumvi, na jua na chumvi ndivyo vinavyouza samaki hadi leo. Mwaka 1990 Kenya ilivunja uhusiano na Norway kwa mzozo wa kisiasa na msaada ukakoma. Lami, iliyojengwa bila bajeti ya kuitunza, ikaanza kupasuka. Ikafika wakati madereva walipendelea kuendesha kando ya barabara, kwenye vumbi, kuliko juu yake.

Hata ikiwa mbovu, barabara hiyo haikupumzika. Tangu mwaka 1989 Lokichoggio ilikuwa kituo cha operesheni kubwa ya kupeleka chakula kusini mwa Sudan. Ndege za mizigo zilipaa kutwa, na malori yalipanda kutoka Mombasa yakipita vijiji ambavyo vyenyewe vilikuwa na njaa. Mkataba wa amani wa Sudan ulipotiwa saini mwaka 2005, mashirika yalihamia Juba na mji ukasinyaa.

Machi 2012 yalitokea mambo mawili ndani ya mwezi mmoja. Kule Lamu, marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia walizindua mradi wa LAPSSET wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta. Na kule Lokichar kampuni ya Tullow ilitangaza kupata mafuta katika kisima cha Ngamia-1. Mwaka 2018 malori yalianza kubeba mafuta ghafi kwenda Mombasa, zaidi ya kilomita 1,000. Hayakwenda mbali kabla ya wananchi kuyafungia njia. Walidai usalama, ajira na mgao wao, na safari zilisimama kwa wiki kadhaa. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 ikaja kutenga asilimia 20 ya mapato ya serikali kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali. Agosti mwaka huo meli ya kwanza yenye mafuta ya Turkana iling'oa nanga Mombasa. Wakazi wa Lokichar walikuwa wametumia silaha pekee waliyokuwa nayo, nayo ni kwamba mali yote ya taifa inayotoka pale lazima ipite mbele ya milango yao.

Ng'ambo ya ziwa habari ni ile ile. Mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310 ilikamilika mwaka 2017, ikasubiri nyaya zaidi ya mwaka mzima. Kwa ajili ya kuifikisha huko, barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilitengenezwa, na kwa kweli imewasaidia wakazi wa Loiyangalani. Lakini Oktoba 2021 mahakama iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kwa kufuata sheria. Na umeme unasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ukipita juu ya manyatta zenye giza. Hata bwawa la Turkwel, lenye megawati 106, lilipeleka umeme wake kwenye gridi ya taifa wakati Lodwar ikiwashwa kwa jenereta za dizeli.

Barabara mpya na kivuko cha zamani

Nisieleweke vibaya. Barabara ya leo ni nafuu kubwa. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 wa kuunganisha Kenya na Sudan Kusini, na sehemu kubwa ya njia kati ya Lokichar, Lodwar, Kakuma na Lokichoggio imejengwa upya kwa lami. Safari iliyochukua siku nzima na usiku wake sasa ni ya saa chache. Mgonjwa anafika hospitali ya rufaa ya Lodwar akiwa hai. Bei ya mbuzi Kakuma inajulikana Kitale siku hiyo hiyo.

Sasa toka kwenye lami. Kilomita tano tu kushoto au kulia, unarudi kwenye mchanga. Usafiri huko ni bodaboda iliyobeba watatu na jerikeni, ni Probox iliyojazwa hadi buti, ni lori la mbuzi ambalo abiria wake wamekaa juu ya vyuma, wakishikilia kamba, ni punda, na kwa wengi ni miguu. Mvua ikinyesha milimani, laga hukata njia. Magari hupanga foleni kingo zote mbili. Dereva mzoefu haangalii maji tu, huangalia yaliyobebwa na maji: magogo yakipita, mto bado unapanda. Halafu kijana wa pale huvua viatu na kuingia na fimbo kupima kina, naye hulipwa kwa kazi hiyo. Maji yakiwa ya paja, lori hupita. Yakiwa ya kiuno, watu hulala hapo. Mjamzito anayesubiri ng'ambo hasaidiwi na uzuri wa lami iliyo mbele.

Kuna pia suala la usalama. Kipande cha kusini, karibu na Kainuk, kimejulikana miaka mingi kwa mashambulizi, na magari yamekuwa yakisafiri kwa misafara yenye ulinzi wa polisi. Hofu hiyo ni gharama: inaingia kwenye nauli, kwenye bei ya unga, na kwenye uamuzi wa mwalimu kukubali au kukataa kuhamishiwa huko.

Ziwani nako, anayetoka Kalokol kwenda Loiyangalani ana mawili: kuzunguka kusini kwa njia ndefu na ya hatari, au kupanda boti. Upepo niliousema huvuma kwa nguvu usiku hadi asubuhi, na mawimbi yake yamezamisha wengi. Hapa kuna pwani mbili za nchi moja ambazo hazijaunganishwa kwa usafiri unaoaminika.

Tufanye nini

Nina mapendekezo manne.

Kwanza, kila mradi unaopita bondeni utenge fedha za vivuko vya laga na barabara za matawi tangu kwenye mkataba, si kama hisani ya mwisho. Kivuko cha saruji kilichojengwa kwa kufuata mwendo halisi wa mto kinagharimu sehemu ndogo sana ya kilomita moja ya lami ya kimataifa, na kinaokoa maisha zaidi.

Pili, njia za mifugo zichorwe ramanini na zilindwe kisheria kama barabara. Njia ya ng'ombe kwenda kwenye milima ya Loima au Moroto ni miundombinu. Ikizibwa na uzio, shamba au kisima cha mafuta, matokeo yake ni mifugo kugongana na mifugo, na hatimaye watu kuuana.

Tatu, bajeti ya kutunza barabara ipitishwe pamoja na ya kuijenga. Lami ya Norway ilitufundisha hilo kwa gharama kubwa.

Nne, ziwa lihesabiwe kuwa njia kuu. Boti imara, makoti ya kuokolea na utabiri wa upepo kwa Kiswahili na Kiturkana kupitia redio ni mambo yanayowezekana kwa fedha za kaunti mbili zikishirikiana.

Ndugu wasikilizaji, tangu mwaka 2013 maamuzi mengi ya namna hii yako mikononi mwa kaunti, na wengi wenu hapa mtakuwa wahandisi, wachumi, mahakimu na wabunge wake. Mtaletewa ramani zenye mstari mnene unaotoka bandarini hadi mpakani. Kabla ya kuweka saini, ulizeni mstari huo una matawi mangapi, unavuka laga ngapi, na kama aliye ng'ambo ya kila laga ameulizwa. Asipoulizwa, rudisheni ramani kwa aliyeichora.